Israel: Mkulima na mwaka wa kulaza shamba

Septemba 2028, pembe ya kondoo dume itakapopulizwa katika masinagogi kuukaribisha mwaka 5789 wa Kiyahudi, wakulima Wayahudi nchini Israel watakabiliwa na swali ambalo msikilizaji mwenye shamba atalielewa mara moja: walime, au waache ardhi ilale mwaka mzima?

Utakuwa mwaka wa shemita, yaani mwaka wa saba. Wayahudi huhesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na kama Mungu alivyopumzika siku ya saba, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinaagiza ardhi nayo ipumzike. Hakuna kupanda, hakuna kupogoa mizabibu. Kinachoota chenyewe ni cha wote, hata mgeni na mifugo. Wapo wanaodhani ni habari ya rutuba tu, lakini sura hiyo inatoa sababu nzito zaidi: ardhi ni ya Mungu, na binadamu ni mpangaji.

Sawa, lakini mpangaji naye anakula. Kuelekea mwaka wa saba wa 1888 hadi 1889, Wayahudi waliokuwa wamehamia Palestina na kuanza kilimo waliona watafilisika. Baadhi ya marabi, yaani walimu wa sheria ya dini, wakatoa ruhusa: ardhi iuzwe kwa muda kwa mtu asiye Myahudi, ili kazi iendelee. Rabi Abraham Isaac Kook aliitetea njia hiyo katika mwaka wa saba wa 1909 hadi 1910, akiichukulia kuwa ya dharura. Dharura hiyo haijaisha mpaka leo.

Wapinzani wanauliza: mauzo gani haya, ikiwa kila mtu anajua shamba litarudi kwa mwenyewe? Wengi wanaoshika sheria kwa makini zaidi hununua mboga za wakulima Waarabu au zilizotoka nje ya nchi. Mwaka 2007 Baraza Kuu la Marabi liliwaachia marabi wa kila mji waamue kama watayatambua mauzo hayo. Hapo mkulima ndiye aliyebanwa, kwani mazao yaleyale yangeweza kupokewa mji huu na kukataliwa mji ule. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ikaamua kwamba rabi wa mji akikataa, apatikane mwingine wa kutoa cheti cha chakula halali.

Hata ibada huguswa. Katika Sikukuu ya Vibanda, Wayahudi hushika kuti changa la mtende pamoja na tunda la jamii ya limau. Tunda la mwaka wa saba halifanyiwi biashara kama kawaida, hivyo baadhi ya waumini hutafuta la Morocco au Italia.

Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, wengi wao ni wakulima. Wao wataendelea kulima 2028 bila wasiwasi: kwa sheria ya Kiyahudi, amri ya kulaza ardhi inahusu Nchi ya Israel pekee.