Mwacheni Msailiwa Ajisahihishe

Juzi redioni mnasihi mmoja wa vijana aliwaambia wahitimu kwamba ukikosea kwenye usaili usirudi nyuma, songa mbele, kwa kuwa jopo linapima kujiamini. Nilikasirika. Ushauri huu unawanyima watoto wetu kazi.

Nimekaa kwenye majopo ya kuajiri wauguzi. Kila swali lina majibu yanayotarajiwa na alama zake, na kila msaili anajaza karatasi yake. Mwaka mmoja tuliuliza: mgonjwa anaongezewa damu, ghafla anatetemeka, homa inapanda, analalamika mgongo. Utaanza na lipi? Binti mmoja akajibu atamwita daktari. Tukaendelea. Maswali mawili mbele akasema, "Samahani, naomba nirekebishe jibu la swali lile. Kwanza nafunga damu, naweka dripu ya maji ya chumvi kwa mpira mpya, ndipo namwita daktari." Alama zake akazipata.

Aliyemfuata alikosea vilevile. Tukamdokeza afikirie tena. Akalirudia jibu lake kwa sauti kubwa zaidi, kifua mbele. Huyo ndiye mwanafunzi wa mnasihi wetu. Anayeficha kosa mbele ya watu watano walioketi mezani atalificha pia saa nane za usiku wodini, na hapo hakuna wa kumdokeza.

Eti kukiri kosa ni woga! Mwoga ni yule anayeulizwa udhaifu wake akajibu kwamba anapenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo tunalisikia tangu asubuhi hadi jioni.

Na vijana hawa wanafika wamechoka. Tangazo la kuitwa kwenye usaili serikalini huwaeleza wazi kuwa chakula, usafiri na malazi ni juu yao. Mtu anatoka Kigoma kwa basi hadi Dodoma, halafu anakwamia kwenye uhakiki kwa sababu majina kwenye vyeti vyake hayafanani. Anayevuka hapo abebe na ushauri mbovu wa redioni?

Basi wasailiwa, nisikilizeni mimi. Ukigundua umekosea, taja swali, toa jibu sahihi, nyamaza. Usisimulie habari za basi wala usingizi. Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza utafungua mwongozo gani na utamuuliza nani kwenye zamu. Hilo nalo tunaliandikia alama.