Thwake ikijaa, msituletee injini za pawa soo

Wiki jana nilikuwa steji ya Wote nikingoja matatu, nikawaambia wasee wawili wa bodaboda kwamba naandika kuhusu injini za boti. Walicheka hadi mmoja akashuka kwenye pikipiki. "Boti hapa Makueni? Utapigia mchanga kasia?"

Niliwaacha wacheke. Hata mimi, nilipoacha kozi ya umekanika mwaka wa pili kwa sababu ya karo, sikujua injini ya boti inafananaje. Niliijulia Mbita, kule Ziwa Victoria. Nilienda kwa jamaa niliyesoma naye kutafuta vibarua, nikaishia kumshikia fundi spana kwa miezi saba.

Sasa tuongee ukweli. Bwawa la Thwake linajengwa tangu 2018 pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Tarehe ya kulimaliza imesukumwa mbele mara nyingi hadi watu wameacha kuhesabu. Lakini siku likijaa litabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Hilo si silanga la kijijini, hilo ni ziwa. Na penye ziwa watakuja wavuvi, wavukishaji wa mizigo, na vijana wa kuzungusha wageni wa Nairobi wanaotaka selfi. Wote watataka injini. Nani atasema "hiyo hapana" kabla haijashushwa majini?

Nauliza kwa sababu maji hayo ni ya kunywa. Yamepangiwa Makueni, Kitui, Machakos na mji wa Konza. Nyanyangu ametembea na mitungi mgongoni maisha yake yote. Sitaki bomba likifika kwake lilete harufu ya petroli.

Injini itakayofika kwanza naijua tayari, kwa sababu ndiyo rahisi kupata mkononi: ile mafundi huita tustroki. Kama umewahi kuona pawa soo ikikata mti, umeiona. Oili inachanganywa ndani ya petroli, kwa mfano lita moja kwa lita 50, na vyote vinaungua pamoja. Ama vinapaswa kuungua. Katika zile za kabureta, karibu robo ya mafuta inaweza kutoka bila kuungua, na ekzosi ya boti haitokei hewani kama ya pikipiki, inatokea chini ya maji. Piga hesabu mwenyewe. Boti ikitumia lita 20 kwa siku, lita tano zinaenda ziwani. Sasa weka boti 50.

Siitukani tustroki, imenilisha. Ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa kama kilo 36, kwa hivyo mtu mmoja anaibeba begani jioni akalale nayo nyumbani isiibwe. Ikizima, fundi anatoa plagi, anaifuta na shati, anairudisha, safari inaendelea. Ndiyo maana Pwani na Ziwa Victoria bado wanaipenda, na mimi nikiwa mvuvi wa bahari wa Lamu pengine ningeitetea hapa hapa. Lakini bahari haunywi.

Ya pili ni fostroki. Hiyo ni kama Boxer au TVS ya bodaboda: oili ina mahali pake, petroli pake, na hazichanganyiki. Inakula mafuta kidogo, haina moshi mwingi, na unaweza kuongea na abiria bila kupiga kelele. Ubaya ni bei, na uzito. Ya farasi 15 inaweza kupita kilo 50, na ukiilaza vibaya oili inaingia pasipofaa, kesho haiwaki.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa Nairobi hawatakwambia, na linahusu Athi hasa. Injini hizi zote mbili za petroli hujipoza kwa kuvuta maji kutoka nje. Ndani kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji hayo. Mbita tulikibadilisha kwa sababu ya uzee. Huku kwetu, mvua ikinyesha Athi inageuka chai ya maziwa, imejaa mchanga na matope, na mchanga unasaga mpira huo kama msasa. Mpira ukiisha, maji hayapandi, injini inachemka, kichwa kinapinda. Mwenye boti ataambiwa ameuziwa feki, kumbe ni mchanga tu.

Ndiyo maana naiunga mkono ya tatu, ya umeme. Aina nyingi hazivuti maji ya kujipoza, hazina oili wala plagi. Na hii si ndoto ya Ulaya. Ziwa Victoria kuna kampuni, Asobo, inayowakodishia wavuvi injini za umeme ili wasihitaji kununua. Jua? Jua ndilo sisi watu wa Kitui na Makueni tunalo hadi linatuchoma mahindi. Shida yake naikubali pia: upepo ukikugeukia katikati ya maji, unatazama betri ikishuka na hakuna wa kukuuzia lita moja kando ya barabara. Kwa hivyo ifanye kazi ya karibu, ya uvuvi na kuvusha watu.

Uokoaji ni hadithi nyingine. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa mto Enziu, Mwingi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na ilibidi wapiga mbizi wa Jeshi la Majini waje. Sisemi boti ingewaokoa siku hiyo, mto ulikuwa na hasira. Nasema boti ya uokoaji haiwezi kungoja chaji. Hiyo ipewe fostroki, tangi lijae kila jioni, na kijana wa hapa afundishwe kuiendesha.

Najua kuna atakayeniambia Athi imeshachafuka, kwamba inapitia Nairobi ikachukua maji taka yote, kwa hivyo injini chache zitaongeza nini? Huo ni uvivu wa kufikiri. Uchafu wa Nairobi unahitaji pesa nyingi na kesi ndefu. Huu mwingine unahitaji karatasi moja tu, iliyosainiwa na kaunti mbili kabla boti ya kwanza haijafika. Kule Marekani, Ziwa Tahoe lilipigwa marufuku ya tustroki za kabureta 1999, wakati boti zilikuwa tayari tele na wenyewe wakipiga kelele. Sisi hatuna hata moja ya kumnyang'anya mtu.

Yule wa bodaboda aliyecheka alinipigia simu jana usiku. Hakuomba msamaha. Alitaka kujua hiyo ya umeme inakodishwa pesa ngapi kwa siku, na kama Wote kuna mahali pa kujifunza kuitengeneza.