Kimeng'enya Hakijakosa Kiswahili

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa sayansi huko Kombewa aliniambia, kwa heshima zote: "Daktari, Kiswahili chenu kinafaa ushairi. Hakiwezi kumweleza mwanafunzi jinsi kimeng'enya kinavyosafishwa." Nilimjibu kwamba ameshalitumia neno lenyewe. Kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, na ndiyo kazi ya kimeng'enya hasa. Neno la Kizungu, lililoundwa kwa Kigiriki katika karne ya 19, linazungumzia hamira tu.

Basi na tujaribu. Gugumaji linalooza ufukweni mwa ziwa letu huliwa na kuvu na bakteria. Viumbe hivyo hutoa kimeng'enya kiitwacho selulasi, nacho huikata selulosi, yaani nyuzi za mmea, ikawa sukari. Lakini selulasi hiyo huwa imechanganyika na protini nyingine tele. Itatengwaje? Wataalamu huchukua selulosi iliyovimbishwa kwa asidi ya fosforasi, wakaitia katika mchanganyiko huo penye baridi. Selulasi huing'ang'ania, protini nyingine nyingi hazishiki, nazo husuuzwa zikaenda zake. Kisha joto huongezwa. Kimeng'enya kilichonaswa sasa hukila chambo chake hadi kikaisha, sukari ikachujwa, nacho kikabaki majini kikiwa safi.

Mwalimu alicheka, kisha akasema mtihani hauulizi hivyo. Ni kweli, na hapo ndipo penye kero yangu. Mtihani wetu wa biolojia huandikwa kwa Kiingereza, ilhali TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya.

Tena si suala la darasani pekee. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli za vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kampuni ya Genencor ikauza kimeng'enya cha kuchakaza nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai sehemu ya faida. Je, ni wangapi kando ya Ziwa Bogoria walioelezwa, kwa lugha waielewayo, ni kitu gani hasa kilichochukuliwa?

Nimemwachia mwalimu yule maelezo yangu ya selulasi, ukurasa mmoja. Ameahidi kuyajaribu kwa wanafunzi wake muhula ujao.