Mlinzi Chipukizi: Tumpime kwa Kipimo Gani?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali nzuri, na husemwa sana katika hafla za shule na kando ya viwanja vya michezo, wazee wanapomwona kijana akiwapita wenzake wote kwa mbio. Hata hivyo, leo napenda tuitazame kwa utulivu, maana nimeiona ikiwapandisha baadhi ya vijana juu kupita kiasi, na wengine ikiwazika kabla hawajaota mizizi. Mfano nitautoa mbali, katika nchi za baridi, kwa sababu huko kazi ya kumpima kijana imekuwa ajira ya kudumu yenye mshahara.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo wa barafuni. Ule wa nyasini tunaujua. Huchezwa Lugogo, mjini Kampala, na timu yetu ya taifa ilifika nao katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Huu wa barafuni ni ndugu yake mwenye hasira zaidi. Wachezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, wakateleza kwa kasi kubwa, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cha raba. Kila timu huwa na watu sita uwanjani: washambuliaji watatu, walinzi wawili, na mlinda lango. Mchezo ni wa dakika 60, lakini, mbali na mlinda lango, hakuna anayeweza kuzimaliza zote. Mchezaji huingia kwa muda usiozidi dakika moja hivi, hutoka kupumua, kisha huingia tena. Mlinzi anayetegemewa sana hukusanya dakika 25 hivi kwa namna hiyo.

Kwa kawaida kila mwezi wa Juni, ligi kuu ya mchezo huo katika Marekani na Kanada, iitwayo NHL, hufanya uteuzi wa vijana. Wengi wao wana miaka 18 hivi. Timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele, na bahati nasibu huamua ipi itangulie. Mwaka 2025 jina la kwanza kusomwa lilikuwa la mlinzi kutoka Kanada, Matthew Schaefer, aliyechaguliwa na New York Islanders. Sifa zake zilikuwa zimetangulia mbele yake kama ngoma ya arusi. Hata hivyo, msimu ule alikuwa amecheza michezo 17 tu katika ligi ya vijana ya Ontario. Mwanzoni maradhi yalimweka nje. Kisha mwezi wa Desemba 2024, katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Ottawa, aligonga nguzo ya lango akavunjika mtulinga. Kabla ya hayo, mwezi wa Februari 2024, alikuwa amempoteza mama yake kwa ugonjwa wa saratani, naye akiwa na umri wa miaka 16.

Sasa hapo ndipo penye swali letu. Michezo 17, mfupa uliovunjika, na kijana aliyefiwa: je, mtu aweza kusema kwa haki kwamba huyu atakuwa mlinzi mkuu? Na kama aweza, anatazama nini?

Kwanza tuelewe kwa nini mlinzi ni mgumu kupimwa kuliko mshambuliaji. Mshambuliaji hupimwa kwa mabao, na mabao huhesabika. Kazi ya mlinzi ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halina hesabu. Wasomaji wangu walio askari wanalijua hili vizuri. Mlinzi wa zamu aliyekesha langoni, kukapambazuka bila ghala kuguswa, hapigiwi makofi na mtu. Lakini usiku mmoja akisinzia, kambi nzima italijua jina lake kabla ya chai ya asubuhi. Ndivyo alivyo mlinzi wa barafuni. Huteleza kinyumenyume huku adui akimjia uso kwa uso, na kosa lake moja huandikwa juu ya ubao wa mabao.

Pili, umbo la kijana hudanganya. Miongoni mwa watoto, kijana mrefu mwenye mikono mirefu hufanya kosa, kisha akalifuta kwa hatua mbili. Watazamaji hushangilia jinsi alivyoliokoa lango, wala hawaulizi ni nani aliyelitia hatarini. Akipelekwa mbele ya watu wazima waliokomaa misuli, zile hatua mbili hazitoshi tena. Ndipo hujulikana kama alikuwa na akili ya ulinzi, au alikuwa na miguu tu.

Tazama mifano mitatu. Mwaka 2006 Erik Johnson, Mmarekani mrefu mwenye nguvu, alichaguliwa wa kwanza na timu ya St. Louis. Alianza vizuri. Mwezi wa Septemba 2008, katika matembezi ya kucheza gofu, mguu wake ulinaswa ndani ya kigari akaumia goti, na msimu mzima ukampita. Mwaka 2011 akahamishiwa Colorado. Tuzo ya James Norris, ambayo tangu 1954 hupewa mlinzi bora wa mwaka, hakuipata kamwe. Walio wepesi wa ulimi walisema chaguo lile lilikuwa hasara. Lakini kijana huyo aliyeitwa hasara alicheza michezo zaidi ya 1,000 katika ligi ile, na mwaka 2022, Colorado iliponyakua Kombe la Stanley, nahodha wake alimkabidhi yeye kombe kabla ya mchezaji mwingine yeyote. Wenzake walijua kipimo ambacho magazeti hayakukijua.

Mfano wa pili ni Victor Hedman wa Sweden, mwenye urefu wa karibu mita mbili, aliyechaguliwa wa pili na Tampa Bay mwaka 2009. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 4 tu. Mwaka 2014, akiwa tayari na misimu kadhaa katika ligi kuu, nchi yake ilimwacha nje ya timu ya Olimpiki. Kama Tampa Bay wangalimhukumu kwa haraka, wangalimwuza. Walimngoja. Mwaka 2018 akapata Tuzo ya Norris. Mwaka 2020 na 2021 akatwaa Kombe la Stanley, na katika lile la 2020 akatajwa mchezaji bora wa mechi za kuwania kombe. Tangu kuchaguliwa hadi kuitwa mlinzi bora ilipita miaka tisa.

Mfano wa tatu ndio unaonifundisha zaidi. Mwaka 1989 majina 52 yalisomwa kabla ya jina la Nicklas Lidstrom, naye pia ni wa Sweden. Hakuwa jitu, wala hakuwa na kishindo. Detroit ndio waliomchukua. Alicheza kwao misimu 20, hakuhama hata mara moja, akatwaa Kombe la Stanley mara nne na Tuzo ya Norris mara saba. Tuzo ya kwanza kati ya hizo aliipata mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 31. Hiyo ni nyota iliyoonekana saa sita mchana.

Msomaji ataniuliza: je, hakuna hata mmoja aliyejulikana asubuhi? Yuko. Mwaka 1961 wapelelezi wa vipaji wa Boston walikwenda mji mdogo wa Gananoque, Kanada, kuwatazama vijana wengine. Macho yao yakanaswa na mtoto mdogo wa umri wa miaka 12, Bobby Orr. Alipokua alitwaa Tuzo ya Norris mara nane mfululizo, tangu 1968 hadi 1975. Lakini magoti yake yaliharibika, akastaafu mwaka 1978 akiwa na miaka 30. Kwa hiyo hata pale jicho la mpimaji lilipoona sawasawa, halikuweza kuona yote. Kipaji hutabirika kwa kiasi, goti halitabiriki.

Basi mpimaji mwenye busara hutazama nini? Nimejaribu kuyafupisha kwa mambo manne, nayo yatamfaa hata anayefundisha timu ya kambini kwetu.

La kwanza, mtazame kabla hajaupata mpira, au kile kisahani. Mlinzi mwenye akili hugeuza kichwa kuangalia nyuma na pembeni kabla hakijamfikia, hivyo kikifika anajua tayari atakipeleka wapi. Asiyegeuza kichwa huanza kufikiri wakati adui amekwisha kumkaba.

La pili, tazama umbali anaouacha kati yake na mshambuliaji. Akiwa mbali mno, anampa nafasi ya kupiga. Akiwa karibu mno, anapitwa. Mlinzi mzuri hupunguza umbali huo taratibu na kumsukuma adui kwenye ukuta wa uwanja, mahali pasipo na madhara.

La tatu, hesabu dakika anazopewa na mwalimu mambo yanapokuwa magumu, wala si mabao aliyofunga wakati timu yake inaongoza kwa matano. Mwalimu huweza kusema maneno matamu mbele ya waandishi, lakini dakika ya mwisho humwita yule anayemwamini.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, tazama dakika inayofuata kosa. Kila mlinzi hukosea. Mmoja hulaumu wenzake. Mwingine huanza kujificha, hataki tena kupewa pasi. Wa tatu hurudi kazini na kufanya jambo jepesi kwa usahihi. Huyo wa tatu mwandike katika daftari lako.

Hapa sina budi kuungama. Miaka michache iliyopita, kabla sijahamishiwa ofisini, nilikuwa mwalimu, na nilisimamia timu ya mpira wa miguu ya shule. Alikuwapo kijana mmoja mpole, mtoto wa askari, aliyecheza beki. Katika taarifa ya mwisho wa mwaka niliandika kwamba hana kipaji, kwa kuwa sikukumbuka jambo lolote alilolifanya. Msimu uliofuata alihama pamoja na baba yake. Ndipo tulipoanza kufungwa mabao matatu matatu. Nilikuwa sikukumbuka jambo kwa sababu, alipokuwapo yeye, hapakutokea jambo. Taarifa ile bado imo katika faili lake, na mkono ulioiandika ni huu.

Turudi kwa Schaefer. Mwezi wa Oktoba 2025 aliingia ligi kuu akiwa na miaka 18, na katika mchezo wake wa kwanza alitoa pasi iliyozaa bao. Waliomchagua hawakuhesabu tu ile michezo 17. Waliona kichwa kinachogeuka mapema na miguu isiyotafuta msaada wa kosa la pili. Nadhani walikuwa na haki ya kumtumainia. Lakini kumtumainia kijana ni jambo moja, na kumwandikia hukumu ni jambo jingine. Mimi ningesema hivi: dalili ni njema, hesabu ifungwe akifika miaka 25, na akianguka katikati ya safari asiitwe hasara.

Nanyi wazazi na maafande mlio na vijana mikononi mwenu, msizime taa ya mtoto kwa sababu haikuwaka mapema. Wala msimvike mtoto wa miaka kumi na minane taji la mtu wa miaka thelathini, maana shingo yake bado ni nyembamba. Nyota njema huonekana asubuhi, ni kweli. Lakini asubuhi huwa na mawingu, na mtazamaji mwema hungoja yapite.

Hadi juma lijalo, nawatakia zamu njema na nyumba zenye amani.