Jumamosi Sokoni Lyulilo

Ukipata likizo, ipeleke familia yako Kyela. Pita Ipinda, penye mashamba ya mpunga na kakao, hadi Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Jumamosi tembeeni kwa miguu hadi soko la Lyulilo. Huko huuzwa vyungu vya wanawake wa Kikisi, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Katika mwambao huo wa ziwa Wajerumani walijenga boma la Langenburg miaka ya 1890, kisha wakahamia Tukuyu. Boma lilihama, ufinyanzi ukabaki. Lakini sufuria na ndoo za plastiki zinauwania mlango wa kila jiko, na sifa tupu hazimlishi mfinyanzi. Basi nunua chungu, umweleze mwanao kilikotoka.