Ngoma na hadithi za asili zimefika jukwaani: je, watoto watarudi nazo nyumbani?

Siku hizi ngoma na hadithi za asili zinaonekana kila mahali. Ziko kwenye sherehe za shule, kwenye mapokezi ya viongozi, kwenye matamasha ya familia wakati wa sikukuu, na kwenye video fupi zinazorushwa kwa simu. Vikundi vya sanaa hualikwa kuwachezea watoto na wazazi wao. Watoto hupiga makofi, picha hupigwa, na watu huondoka wamefurahi.

Wakati huohuo, katika vijiji vingi mzee anayejua kuwamba ngoma au kutengeneza zeze hana mwanafunzi hata mmoja. Inawezekanaje kitu kionekane kila mahali na bado kiwe kinakwisha? Katika makala haya tunalieleza jambo hilo kwa mifano ya Uganda, Kenya na Tanzania, tunaangalia sheria inasemaje, kisha tunataja yale ambayo familia inaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili.

Kutazama na kushiriki ni mambo mawili

Msimulizi wa hadithi husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Wasipojibu, hadithi haianzi. Kabla ya hadithi huwa kuna vitendawili: mmoja anatega, wengine wanategua, na aliyeshindwa hutoa mji. Katikati ya hadithi huwa kuna wimbo, na kiitikio chake ni kazi ya wasikilizaji. Mtoto aliyekua hivyo alijikuta ana hadithi kadhaa kichwani bila kukalishwa darasani, na wadogo zake ndio waliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza.

Jukwaa lina utaratibu mwingine. Kuna muda uliopangwa, kuna kipaza sauti, na kuna mpaka kati ya wanaocheza na waliokaa. Redio nayo imo katika hesabu hii. Kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, kilichoendeshwa na Deborah Mwenda, kiliwapa watoto hadithi ambazo watu wazima wengi wa leo bado wanazikumbuka. Lakini mtoto aliyejibu mbele ya redio hakusikika na msimulizi. Simu imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa inampa mtoto hadithi akiwa peke yake, hata ndugu wa kuitikia naye hayupo.

Hatusemi kwamba jukwaa, redio au simu ni adui. Kila kimoja kinabeba sehemu ya kazi tu. Sehemu iliyobaki isipopata mtu wa kuifanya, tunabaki na picha ya ngoma, na ngoma yenyewe inakwenda na wazee.

Busoga: muziki unaoanzia shambani

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Busoga, mashariki mwa Uganda. Huko kuna muziki uitwao bigwala, unaopigwa kwa tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, zenye ukubwa tofauti. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kupiga wimbo. Kila mpulizaji huingiza sauti yake zamu yake inapofika, na wimbo hupatikana kwa kupishana bila kugongana.

Bigwala ilikuwa muziki wa ufalme. Ilipigwa mfalme alipotawazwa na alipozikwa. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilifuta falme, na muziki huo ukakosa mahali pa kupigwa. Falme ziliporudishwa miaka ya 1990, wapigaji wengi walikuwa wameshazeeka au kufariki. Mwaka 2012 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, liliiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo walibaki mabingwa wanne tu wa kutengeneza, kupiga na kucheza bigwala, wote wazee.

Tuangalie kazi ya kuirudisha ilivyofanyika. Kufanya maonyesho peke yake kusingetosha, kwa sababu hata vibuyu vya aina inayofaa vilikuwa havilimwi tena. Ilibidi mbegu zipandwe upya, vibuyu vivunwe na kukaushwa, wazee wawafundishe vijana kuvikata na kuviunganisha, na mwisho kuvipuliza. Mkulima yeyote anayetusoma ataelewa: huwezi kuvuna ulichoacha kupanda.

Isukuti: ngoma ya baba, ya mama na ya mtoto

Magharibi mwa Kenya, kwa Waisukha na Waidakho wa Kaunti ya Kakamega, kuna ngoma ya isukuti. Hupigwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazoitwa ya baba, ya mama na ya mtoto. Isukuti huchezwa mtoto anapozaliwa, kwenye harusi, kwenye mazishi na hata kwenye michezo ya mpira. Ni ngoma ya familia kwa jina na kwa matumizi.

Hata hivyo, mwaka 2014 nayo iliingia kwenye orodha ileile ya kuokolewa haraka. Sababu zilizotajwa hazihusu jukwaa kukosekana. Wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba, na watunzi wengi wanapendelea muziki unaouzika. Ukiweka mfano huu na ule wa Busoga pamoja, utaona ngoma inasimama juu ya mafiga manne: kifaa, fundi anayefundisha, lugha, na tukio la kuichezea. Onyesho ni tukio moja tu kati ya mengi.

Tanzania: heshima ilipatikana, maana ikapungua

Tanzania ilichukua njia ya kitaifa mapema. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi inayojulikana kama TaSUBa. Hatua hizo zilizipa heshima ngoma ambazo enzi za ukoloni zilidharauliwa, na baadhi ya wasanii wa vijijini walianza kuishi kwa kazi yao.

Kulikuwa na gharama pia. Chukua sindimba, ngoma ya Wamakonde wa kusini iliyofungamana na mambo ya jando na unyago. Ilipoingia kwenye kikundi cha taifa na kwenye shule, ikawa ngoma ya kupokelea wageni nchi nzima. Leo mtoto wa Kagera anaweza kuicheza vizuri bila kujua neno hata moja la Kimakonde, wala kujua wenyewe waliicheza lini na kwa nini.

Hapa pana jambo ambalo wazazi hutuuliza: je, ngoma zote zinafaa kwa watoto? Jibu ni hapana, na wazee wenyewe walijua hivyo. Nyimbo za unyago zilikuwa na wakati wake, mahali pake na umri wake. Zipo nyimbo za kubembeleza, za michezo, za mavuno na za hadithi ambazo tangu zamani zilikuwa mali ya watoto. Kikundi kinachojua asili ya ngoma zake kitachagua vizuri. Kikundi kilichojifunza miondoko peke yake hakina cha kuchagulia.

Kwa Wagogo wa Dodoma tunaona upande wenye matumaini. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia akiimba na kupiga ilimba na zeze. Muziki wake haukuishia naye kwa sababu nyumba yake ilikuwa darasa. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Huko Dodoma nako, Chamwino, hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo ambapo vikundi vya vijijini hucheza mbele ya watu wanaoijua ngoma hiyo, wakiwemo wanawake wanaopiga muheme huku ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya miguu. Tofauti ya jukwaa kama hilo ni hadhira yake. Mtoto akikosea wimbo, yuko bibi hapo chini atakayejua na kumsahihisha.

Shule zinaweza kufanya nini?

Kenya ina tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927, ambamo wanafunzi hushindana pia kwa nyimbo na ngoma za jamii mbalimbali. Mtaala wake wa umilisi umetoa nafasi kwa lugha za asili katika madarasa ya chini. Tanzania, mtaala wa mwaka 2023 umeleta somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa madarasa ya mwanzo, na mashindano ya UMITASHUMTA yana sehemu ya sanaa.

Nafasi ipo, lakini mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine hawezi kufundisha wimbo asioujua kwa lugha asiyoisikia. Mashindano nayo hutaka dakika chache za mbwembwe, na mtoto hufundishwa kushinda kabla ya kufundishwa kuelewa. Kamati ya shule inaweza kupunguza tatizo hili kwa kumwalika mzee au mama wa kijijini mara moja kwa wiki, na kumpa posho kama anavyopewa fundi mwingine yeyote. Mtu akiitwa kufundisha bure kila mara, watoto wanajifunza kwamba anachokijua hakina thamani.

Nani mwenye wimbo?

Wimbo wa asili hauna mtunzi mmoja anayejulikana, na wengine hudhani basi ni wa anayewahi kuuchukua. Sheria haisemi hivyo. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi. Anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kawaida, anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kenya, Kipengele cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi.

Bibi anayemwimbia mjukuu hahitaji kibali cha mtu. Sheria inamhusu anayerekodi wimbo wa kijiji na kuuza. Kwa vitendo, jamii hupata shida kudai kwa sababu haina ushahidi kwamba wimbo ni wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo manne ya kufanya nyumbani

Kwanza, tumia simu yako kama daftari. Mwombe mzee ruhusa, kisha mrekodi akianza kwa kutaja jina lake, kijiji, lugha, mwaka, na wimbo huo huimbwa lini. Hifadhi nakala mahali pawili na umpe yeye au familia yake nakala moja. Usiusambaze kabla hajakubali.

Pili, baada ya onyesho, mwambie mtoto akusimulie hadithi aliyoisikia. Akiweza kuisimulia, ameipata. Asipoweza, mtafutie mtu wa kumrudia.

Tatu, uliza ngoma za kwenu hutengenezwa kwa mti gani, ngozi gani, kibuyu gani. Kama mti huo umeadimika, otesha miche michache pembezoni mwa shamba au kwenye uwanja wa shule.

Nne, kijiji au shule inapoalika kikundi, wapatane mapema kwamba kikundi kitabaki saa moja baada ya onyesho. Katika saa hiyo watoto waguse ngoma, waulize maneno ya wimbo yana maana gani, na wajifunze angalau kiitikio kimoja. Kikundi kinachoijua kazi yake hakitakataa, na hiyo ndiyo saa inayostahili kulipiwa zaidi.