Daftari la Msomaji

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wafanyabiashara wetu wameusikia wasia huo. Ni nadra kuona duka la mtaani, hata liwe dogo kiasi gani, lisilokuwa na daftari la madeni karibu na mizani. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kufundisha namna ya kuandikiana deni. Lakini yale tunayoyasoma, ambayo kwayo twaamua tule nini, tujitibu vipi na tuwaambie nini watoto wetu, huingia na kutoka vichwani bila ya kuandikwa popote.

Tunakusudia hapa usomaji wa maarifa: vitabu vya afya, historia, kilimo, sheria, fedha na mfano wa hivyo. Hadithi za kubuni zina raha yake, wala si lazima mtu aziwekee hesabu. Kitabu cha maarifa humtaka msomaji asadiki jambo, na aghalabu alifanyie kazi. Kwa hiyo yampasa aweze kusema amelitoa wapi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mtoto wa miezi minne anakohoa, na bibi yake amekuja na chupa ya asali. Mama wa mtoto anasita. "Mama, naomba tusimpe. Nimesoma mahali kwamba asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka." Bibi anauliza kwa upole, "Umesoma wapi, mwanangu?" Hapo pana kimya. Bibi amelea watoto saba, na shifaa ya asali imetajwa katika Suratun Nahl. Mbele ya hayo, "nimesoma mahali" haina miguu ya kusimamia.

Na mama yule ndiye aliyekuwa na haki. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtu mzima hazimdhuru, lakini utumbo wa mtoto mchanga haujakomaa kuzizuia. Huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Ndiyo maana wataalamu wa afya wanakataza asali kabla ya miezi 12. Wala hakuna anayekanusha shifaa iliyomo. Funga ya Ramadhani nayo ina kheri kubwa, lakini hakuna anayemfungisha mtoto mchanga. Lau binti yule angekuwa na daftari, angelifungua akamsomea mama mkwe wake jina la kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, na heshima ingebaki mahali pake kwa pande zote mbili.

Desturi hii si mpya. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba katika ujana wake alitenga mwaka mmoja na nusu kurudia mantiki na matawi ya falsafa, akijiwekea makaratasi. Kila hoja aliyoipitia aliandika misingi inayoibeba, kisha akatazama natija gani yaweza kutoka humo. Na ni yeye huyo aliyesema kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha metafizikia mara arobaini asikifahamu, hadi siku aliponunua sokoni kitabu cha al-Farabi kwa dirhamu tatu. Habari hiyo twaipenda mno. "Sijafahamu" nayo ni neno linalostahiki mstari wake katika daftari.

Wako watakaosema kwamba elimu ni ile iliyomo kifuani, na watatukumbusha kisa cha Imam Ghazali. Inasimuliwa kwamba akirejea Tus kutoka Jurjan, majambazi walimpora mizigo pamoja na maandishi ya masomo yake. Alipowasihi wamrudishie, mkuu wao alicheka: ni elimu gani hiyo ambayo mwizi aweza kuondoka nayo? Maandishi akarudishiwa, na Imam akakaa miaka mitatu akiyahifadhi. Kisa ni kizuri, ila wanaokitaja husahau alihifadhi kutoka wapi. Alihifadhi kutoka katika maandishi yale yale.

Basi tuandike nini? Jina la kitabu na la mwandishi, tarehe tuliyomaliza, jambo moja au mawili kwa maneno yetu wenyewe pamoja na ukurasa wake, na swali lililobaki. Kunakili aya nzima nzima kwachosha mkono na hakumfunzi mtu. Daftari la shule latosha. Yale yenye majalada ya kung'aa watu huyaonea huruma wakaacha kuyaandika. Makala iliyosomwa katika simu iandikwe vilevile, na isiyokuwa na mwandishi iandikwe hivyo: haina mwandishi. Mara nyingi neno hilo peke yake latosha kumzuia mtu asiisambaze kwa jamaa.

Mwaka wa kuchapwa usiachwe kamwe. Kitabu cha jiografia cha mwaka 2014 kinachosema Tanzania ina watu milioni 44.9 hakikudanganya, kwani hiyo ndiyo sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Watoto wawili wanaweza kubishana mpaka wakanuniana, na kila mmoja akawa amesoma kweli. Vivyo hivyo kitabu cha sayansi cha kabla ya 2006 chaitaja Pluto kuwa sayari ya tisa.

Kwa watoto, wazazi wasiligeuze daftari kuwa mtihani. Baba anayelikagua kila Ijumaa kwa kalamu nyekundu atapata kurasa safi zilizoandikwa kwa kumridhisha yeye. Afadhali naye awe na lake, na siku moja moja aulizwe na mwanawe amesoma nini.

Jambo dogo la mwisho ni la mpangilio. Tuandike ukurasa wa kushoto tu, na wa kulia tuuache mtupu. Hapo ndipo tutakapoandika, pengine baada ya miaka miwili, kwamba kitabu kingine kimesema kinyume, au kwamba swali lile limepata jibu, na jibu limetoka ukurasa gani.